Picha ya uboho: Ijue kabla ya kuuza ng'ombe

Alinijia mama mmoja kutoka upande wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, akiandamana na mwanawe wa kiume wa miaka 16. Kijana alikuwa amekonda hata mbavu zikawa zinahesabika, ilhali tumbo lake lilikuwa limejaa upande wa kushoto. Homa ilikuwa ikimjia na kumwacha kwa zaidi ya miezi miwili. Midomo ilikuwa imepauka, na alipopiga mswaki ufizi ulitoka damu.

Mkononi mama alikuwa na karatasi aliyoandikiwa mahali fulani mjini. Karatasi ilisema kwamba kijana ana upungufu mkubwa wa damu, na kwamba yafaa apelekwe Nairobi akapigwe "picha ya nyuklia ya uboho".

"Daktari," mama akaniuliza, "baba yake amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wawili. Tuuze?"

"Mama, msiuze leo," nikamjibu. "Nipe siku mbili."

Nitarudi kwa kijana huyo. Lakini kwanza, msomaji, ni vyema tuelewe picha hiyo ni ya nini, kwa sababu si yeye peke yake aliyeandikiwa. Wengi huisikia ikitajwa, wengine huiogopa kwa sababu ya neno nyuklia, na wengine hudhani kwamba kwa kuwa ni ghali basi lazima iwe na majibu yote. Haina majibu yote. Ina jibu la swali moja kubwa: je, ndani ya mwili huu, damu inatengenezewa wapi, na ni wapi imeacha kutengenezwa?

Kiwanda kilicho ndani ya mifupa

Uboho unaufahamu. Kila aliyewahi kugonga mfupa wa supu kwenye sahani amekwisha kuuona. Huenda pia umetambua kwamba uboho si wa aina moja. Ukipasua mfupa wa mguu wa fahali mzee utakuta mafuta ya rangi ya manjano. Ukitazama ndani ya pingili za mgongo au mbavu zake utaona wekundu. Na mguu wa mwana-mbuzi una uboho mwekundu zaidi kuliko wa mbuzi mzee.

Mwanadamu ni vivyo hivyo. Uboho mwekundu ndio kiwanda cha damu. Hutengeneza chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo za kugandisha damu. Chembe nyekundu huishi kwa takriban siku 120 tu, hivyo kiwanda hakipumziki: hutoa chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde. Uboho wa manjano ni mafuta, ingawa mwili ukipata shida unaweza kuugeuza tena kuwa mwekundu.

Mtoto anapozaliwa, karibu kila mfupa wake una uboho mwekundu. Kadiri anavyokua, mafuta huchukua nafasi yakianzia vidoleni na kupanda juu. Afikapo miaka 25 hivi, kiwanda kimebakia katika uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu, nyonga, na ncha za juu za mifupa ya mikono na mapaja.

Hapo ndipo tatizo la tabibu lilipo. Akitaka kuuchunguza uboho, njia ya kawaida ni kudunga sindano nene kwenye mfupa wa nyonga na kuvuta kiasi kidogo, au kukata kipande chembamba cha mfupa. Kipimo hicho ni kizuri sana, kwani mtaalamu wa maabara huziona chembe zenyewe kwa darubini. Lakini sindano huonja mahali pamoja tu. Ni kama mnunuzi wa mahindi anayechoma gunia moja kati ya magunia mia ghalani. Kama magunia yote yanafanana, amejua. Kama mengine yameoza, hakujua.

Vimulimuli gizani

Wazo la kufuatilia kitu ndani ya mwili kwa kutumia miale si jipya. Mwanzilishi wake alikuwa mwanakemia George de Hevesy, mzaliwa wa Hungary, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana akiishi katika nyumba ya kupanga huko Manchester, Uingereza, alishuku kwamba mwenye nyumba alikuwa akiwarudishia wapangaji makombo ya nyama ya jana yakiwa yamepikwa upya. Basi akatia chembe kidogo za kitu chenye miale kwenye makombo ya sahani yake. Siku chache baadaye akapima chakula kilicholetwa mezani, na chombo chake kikaonyesha miale. Makombo yalikuwa yamerudi!

Dawa tunayoizungumzia leo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ni kifuatilio: kitu ambacho mwili hukipeleka mahali fulani kwa desturi yake, nacho kimebeba miale kidogo ili tuweze kujua kimefika wapi.

Tofautisha picha hii na eksirei. Katika eksirei, mashine hutoa miale kutoka nje ikapita mwilini, mithili ya tochi inayomulika pazia. Katika picha ya nyuklia, mashine haitoi miale yoyote. Mgonjwa hudungwa dawa kwenye mshipa, dawa inakwenda iendako, kisha kamera kubwa iitwayo kamera ya gama husogezwa karibu naye na kupokea miale itokayo mwilini mwake. Ni kama kukaa gizani kando ya kichaka na kutazama vimulimuli. Huoni matawi, lakini unajua vimulimuli vimekusanyika wapi. Kamera ya aina hii ilibuniwa na Hal Anger huko California, Marekani, katika miaka ya 1950.

Kitu chenye miale kinachotumiwa zaidi ni teknetiamu-99m. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kiasi kwamba baada ya saa 24 imebaki sehemu moja tu kati ya 16. Kwa kuwa haidumu, haiwezi kuwekwa kabatini kama dawa nyingine. Hospitali hununua kutoka ng'ambo chombo chenye madini ya molibdenamu, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66 na kutoa teknetiamu yanapopungua. Kila asubuhi mtaalamu huikamua teknetiamu kutoka chombo hicho, kama vile mtu akamuavyo ng'ombe, na kesho yake hukamua tena. Baada ya wiki moja au mbili ng'ombe huyo hukauka na mwingine huagizwa kwa ndege. Ndege ikichelewa, wagonjwa hungoja. Ndiyo maana unaweza kupewa tarehe kisha ukapigiwa simu kuwa imeahirishwa.

Njia tatu za kufika kwenye uboho

Teknetiamu peke yake haijui njia ya kwenda kwenye uboho. Lazima ipandishwe juu ya kitu kinachojua. Wataalamu wana njia tatu kuu.

Ya kwanza ni koloidi, yaani punje ndogo mno zinazoelea katika maji ya sindano. Zile zinazofaa zaidi kwa uboho zina upana usiofika sehemu moja kati ya elfu kumi ya milimita. Mwilini mna chembe walaji, ambazo kazi yake ni kumeza takataka na vijidudu vinavyopita katika damu. Chembe hizo hukaa kwenye ini, kwenye wengu, na ndani ya uboho mwekundu bega kwa bega na chembe zinazotengeneza damu. Zikiona punje za koloidi, huzimeza. Baada ya dakika 30 hadi saa moja, picha hupigwa.

Kumbuka jambo moja hapa. Kwa koloidi ya kawaida, mtu mwenye afya hupeleka asilimia 80 hadi 85 ya dawa kwenye ini, na asilimia 5 hadi 10 kwenye wengu. Uboho huambulia masalio. Basi katika picha, ini na wengu hung'aa sana, kiasi cha kuficha mbavu za chini na sehemu ya mgongo iliyo nyuma yake. Na la muhimu zaidi: koloidi haionyeshi damu ikitengenezwa. Huonyesha majirani wa chembe zinazotengeneza damu. Kwa kawaida majirani na wenyeji hukaa pamoja, lakini si kila mara.

Njia ya pili ni ya chuma. Chembe nyekundu haziwezi kutengenezwa bila madini ya chuma, na katika damu mna gari maalumu la kuyasafirisha hadi kwenye uboho. Ukitumia chuma chenye miale, kitakwenda moja kwa moja kiwandani. Shida ni kwamba aina za chuma zifaazo kwa picha ni adimu, hivyo wataalamu wengi walitumia madini ya indiamu-111, ambayo hudandia gari lile lile. Indiamu si chuma kamili na hukaa mwilini kwa siku kadhaa, na picha hupigwa baada ya siku mbili au tatu.

Njia ya tatu hutumia kingamwili zilizotengenezwa maabara ili zinase chembe nyeupe zikiwa bado changa katika uboho.

Siku hizi ipo pia mashine ya PET, inayotumia sukari yenye miale ya florini-18. Sukari hiyo hukimbilia mahali popote panapofanya kazi kwa bidii: kwenye uvimbe wa saratani, kwenye maambukizi, na pia kwenye uboho ulioamshwa. Florini-18 hupungua kwa nusu kwa dakika 110 tu, kwa hivyo sharti itengenezwe karibu. Nairobi mna mitambo ya kuitengeneza katika hospitali ya Aga Khan na katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Picha ikitoka inasema nini?

Katika mtu mzima mwenye afya, mgongo, kidari, nyonga na ncha za juu za mapaja hung'aa kwa usawa, na magoti huwa giza. Daktari wa picha hutafuta tofauti tatu.

Kwanza, kiwanda kilichopanuka. Mtu ambaye chembe zake nyekundu zimekuwa zikivunjika kwa miaka mingi, mathalani mwenye selimundu, hulazimika kutengeneza damu nyingi zaidi. Uboho wake mwekundu hushuka hadi kwenye magoti na hata vifundo vya miguu, kama mkulima anayelima hadi ukingo wa mto kwa sababu shamba la juu halimtoshi.

Pili, kiwanda kilichozimika. Uboho ukikauka, picha huwa hafifu au ina mabaka. Mahali palipopata tiba ya miale ya saratani huwa na giza lenye kingo zilizonyooka, kana kwamba mtu amepima kwa rula. Saratani iliyoenea mifupani nayo huweza kuusukuma uboho kando na kuacha mashimo.

Tatu, kiwanda kilichohama. Yapo maradhi ambayo uboho hujaa makovu, na kazi ya kutengeneza damu ikahamia kwenye wengu na ini. Hapa ndipo uteuzi wa dawa unapohitaji akili. Koloidi haiwezi kukuambia kama wengu unatengeneza damu, kwa sababu wengu huimeza koloidi siku zote, uwe mzima au mgonjwa. Ni njia ya chuma tu iwezayo kujibu swali hilo.

Jambo jingine linalopotosha ni ini. Ini likidhoofika, kwa pombe au kwa homa ya ini ya aina ya B, hushindwa kumeza sehemu yake ya koloidi, na dawa ikamwagikia kwenye wengu na uboho. Uboho ukang'aa kupita kiasi, si kwa sababu una tatizo, bali kwa sababu jirani yake ameshindwa kula. Sisi wa Ukambani hatuwezi kulisahau ini. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini yalisababisha wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na ini ndilo lililoshambuliwa. Wagonjwa wale hawakuhitaji kamera ya gama. Nawataja kwa sababu moja: yeyote atakayeisoma picha ya uboho wa mtu wetu na auulize kwanza kuhusu ini lake.

Kitui, Makueni na wengu uliovimba

Sasa turudi kwa kijana wa Mwingi. Je, nililifikiria nini nilipomwona?

Kwanza malaria. Pili kichocho cha tumbo, kwani watafiti waliowachunguza watoto wa shule huko Makueni walibaini kuwa malaria ya mara kwa mara na kichocho vikishikamana huzidisha kuvimba kwa ini na wengu. Saratani ya damu nayo ilikuwa kwenye orodha. Lakini mambo matatu yalinivuta upande mwingine: homa ya miezi miwili, wengu mkubwa, na kazi yake. Alikuwa mchungaji, na jioni akipenda kupumzika kando ya vichuguu.

Wazee wa Kitui watakuwa wamekwisha kujua. Ni kala-azar.

Ugonjwa huu ulijulikana kaskazini mwa Kenya miongoni mwa wanajeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulilipuka Kitui, na wataalamu wengi waliamini kuwa askari waliorejea nyumbani kutoka vitani ndio waliouleta. Baadaye uligunduliwa pia Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Watafiti waliofanya kazi Kitui, akiwemo R. B. Heisch, waligundua kuwa huenezwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu chenye rangi ya mchanga, ambacho hujificha mchana ndani ya vichuguu vya mchwa na kutoka jioni kutafuta damu.

Na hapa, msomaji, ndipo kala-azar na picha ya uboho vinapokutana. Kijidudu cha kala-azar kikiingia mwilini huishi ndani ya chembe walaji: zile zile za ini, wengu na uboho ambazo humeza koloidi! Tofauti ni kwamba koloidi ikimezwa hutulia, ilhali kijidudu hiki kikimezwa huzaana. Chembe walaji huongezeka, wengu huvimba, na uboho hubanwa. Watafiti waliotia miale ya kromiamu kwenye chembe nyekundu za wagonjwa wa kala-azar walionyesha kwamba chembe hizo hufa mapema, na kwamba wengu ndio kaburi lake kubwa. Hivyo damu hupungua kwa njia mbili: kiwanda kinasongwa, na bidhaa inaharibiwa sokoni.

Lau kijana yule angepelekwa Nairobi, kamera ingeonyesha nini? Yamkini wengu mkubwa unaong'aa na uboho usio wa kawaida. Lakini picha haingetaja jina la ugonjwa. Madaktari wa Ulaya wamewahi kuandika habari za wagonjwa wa kala-azar ambao picha ya PET iliwaonyesha wengu na uboho vikiwaka, wakadhaniwa kuwa na saratani ya tezi, hadi kipande cha uboho kilipowekwa chini ya darubini na vijidudu vikaonekana.

Kijana wetu alipimwa malaria, hakuwa nayo. Hesabu kamili ya damu ilionyesha aina zote tatu za chembe zimepungua. Kisha akapimwa kwa kipimo cha haraka cha kala-azar kiitwacho rK39, ambacho huhitaji tone la damu na dakika chache tu. Kikasema ndiyo. Akapimwa pia Ukimwi, kama inavyopasa kwa kila mgonjwa wa kala-azar, na hakuwa nao.

Nitahadharishe: katika Afrika Mashariki kipimo hiki huweza kusema hapana ilhali ugonjwa upo. Kikisema hapana na dalili zingalipo, sindano ya uboho au ya wengu ndiyo njia. Ya wengu hunasa zaidi lakini inaweza kuvujisha damu. Ya uboho ni salama zaidi. Usikubali kuambiwa nenda nyumbani kwa sababu ya kipimo kimoja. Kala-azar isiyotibiwa huua zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10.

Ni nani basi anayeihitaji?

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba picha hii ni upotevu wa fedha. Ina wagonjwa wake.

Wa kwanza ni mtoto mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu makali ya mfupa na homa. Ugonjwa huu ni mwingi zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani kuliko Ukambani, lakini familia zimehama na kuoana, na watoto hao tunawaona. Swali ni hili: je, mfupa umekosa damu na kufa sehemu, au umeingiwa na vijidudu? Mfupa uliokosa damu hutibiwa kwa maji, dawa za maumivu na mapumziko. Ulioingiwa na vijidudu huhitaji viuavijasumu kwa wiki kadhaa, pengine na upasuaji. Eksirei ya siku za kwanza haitofautishi. Lakini picha ya mfupa na ya uboho zikipigwa mapema na kulinganishwa husaidia sana: uboho ukiwa giza pale panapouma, yaelekea damu ilikatika; ukiwa unang'aa kama kawaida ilhali mfupa una kasoro, shuku maambukizi.

Wa pili ni mgonjwa ambaye sindano ya uboho imetoka kavu. Mama mmoja mzee wa Kibwezi alidungwa nyonga mara mbili bila kutoka kitu. Wengu wake ulikuwa umefika kitovuni. Kwa mgonjwa kama huyo, kipande cha mfupa ndicho hutoa jina la ugonjwa. Lakini picha inaweza kuonyesha mahali ambapo uboho bado una uhai ili sindano ijayo isidungwe kwa kubahatisha. Na iwapo madaktari wanafikiria kuuondoa wengu, ni lazima wajue kwanza kama wengu huo ndio umekuwa kiwanda. Kuuondoa wengu unaomeza damu huweza kusaidia. Kuuondoa wengu unaotengeneza damu ni jambo jingine kabisa.

Wa tatu ni mtu aliyewekewa nyonga au goti la chuma ambalo limeanza kuuma. Chembe nyeupe zenye miale zikikusanyika hapo huenda ni usaha, au huenda ni uboho tu uliosogezwa na upasuaji. Picha ya uboho ikilinganishwa na ile ya chembe nyeupe hutoa jibu.

Ni haki pia niseme kwamba kazi nyingi za picha hii siku hizi hufanywa na MRI, mashine ya sumaku, ambayo hutofautisha vizuri uboho wa mafuta na uboho mwekundu bila miale yoyote. Ukiandikiwa picha ya nyuklia, si utovu wa adabu kumwuliza daktari kama MRI ingetosha.

Je, miale itanidhuru?

Swali hili huulizwa na kila mgonjwa, na ni haki yake. Picha ya uboho kwa koloidi ya teknetiamu humpa mtu mzima miale ya takriban milisivati 2 hadi 5. Sote hupokea miale ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, kwa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Kwa hiyo kipimo hicho ni sawa na miale ya asili ya mwaka mmoja au miwili. Indiamu hutoa zaidi. Hatari ni ndogo, lakini si sifuri, na ndiyo maana haipigwi ili "tuone tu". Hapa nchini, Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo husimamia matumizi hayo.

Dawa yenyewe haiungui wala haichomi. Nywele hazinyonyoki. Haikugeuzi kuwa sumu kwa jamaa zako, ingawa ni busara siku hiyo kutompakata mtoto mchanga kwa saa nyingi.

Ukipewa barua ya kwenda kupigwa picha hii

Mwulize daktari swali moja kabla ya mengine yote: "Jibu la picha hii litabadilisha matibabu yangu namna gani?" Kama hana jibu, ng'ombe wabaki zizini kwanza.

Hakikisha umekwisha kupimwa mambo ya karibu: hesabu kamili ya damu, malaria, Ukimwi, ini, kichocho, na kala-azar ikiwa unaishi au umewahi kuishi Kitui, Makueni, Machakos, Baringo, Turkana, Pokot, Marsabit au Wajir. Vipimo hivi huanzia hospitali ya kaunti, Kitui mjini au Wote.

Kamera za gama ni chache nchini, na wengi wa kutoka kwetu hupelekwa Nairobi, ikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Piga simu kabla ya kusafiri uhakikishe dawa imefika. Uliza gharama yote, pamoja na sehemu itakayolipwa na bima, ili usije ukakwama katikati.

Mwambie mhudumu kama una mimba, kama unashuku una mimba, au kama unanyonyesha. Mweleze kama umeongezewa damu karibuni, au umedungwa dawa za kuamsha uboho, kwani hubadilisha picha. Chukua majibu yako yote ya awali. Baada ya sindano kunywa maji mengi na ukojoe mara kwa mara.

Na kama una wengu uliovimba, homa isiyoisha na mwili unaokonda, usingoje picha yoyote. Nenda hospitali wiki hii.

Kijana wa Mwingi alidungwa dawa mbili kila siku kwa siku 17, tiba ambayo Shirika la Afya Ulimwenguni limeipendekeza kwa Afrika Mashariki. Wiki ya kwanza haijaisha, homa ilikuwa imeshuka. Mwezi wa pili wengu ulikuwa umerudi chini ya mbavu na ufizi haukutoka damu tena. Nilimwonya arudi kwa uchunguzi hadi miezi 6 ipite, kwa maana kala-azar huweza kurejea, na nikamwomba ahamishe baraza lake la jioni mbali na vichuguu.

Mama yake nilimwuliza habari za wale ng'ombe.

"Mmoja amezaa, daktari," akasema.